Pimbi, Kiboko na Robo Kikapu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilipa ada ya shule kwa vikapu vya viazi, aliishi Mama Pimbi na binti yake, Tunu. Msiniulize mkia wa Mama Pimbi ulikuwa wapi. Hakuwa nao, na hilo lilimuuma.

Nchi hiyo ilikuwa na shule mbili. Ya mfalme ilikuwa bondeni, bila ada, watoto tisini na mwalimu mmoja, Kobe. Mwalimu Kobe alijua mengi, ila akifika darasani kengele ya kwenda nyumbani imeshalia. Ya pili ilikuwa kilimani kwa Mwalimu Kanga, kikapu kimoja kila muhula. Mama Pimbi alichimba viazi kwa kucha zake, kikapu kikijaa siku ya mwisho kabisa, na Tunu akasoma. Alikuwa ameshafika kwenye kugawanya, wanangu, na mimi kugawanya kulinishinda.

Siku moja Kiboko, mtoza ushuru wa mfalme, akaitisha baraza.

"Kuanzia muhula huu," akasema, "anayelipa kikapu kilimani ataongeza robo kikapu kwa mfalme, tupate kumwajiri mwalimu wa pili bondeni. Wanaosomesha kilimani ni wenye nacho."

"Nina nacho gani mimi?" akauliza Mama Pimbi. "Hata mkia sina."

Wanyama wakacheka, kwi kwi kwi. Nyumbu hakucheka.

"Mwenzangu unatania," akasema. "Wanangu wanne wako bondeni mwaka wa tatu huu, na hakuna anayejua kuandika jina lake. Huyo mwalimu wa pili tutamtoa wapi?"

Nyumbu alisema kweli, na Mama Pimbi alilijua hilo. Lakini kucha zake zilikuwa zimekwisha kwa kuchimba, na robo hakuwa nayo. Bila robo, Tunu angerudishwa nyumbani.

Shule ilipofunguliwa, Kiboko akaketi langoni kilimani, puu! Lango zima likazibika. Mama Pimbi akaja na kikapu kichwani.

"Robo ya mfalme iko wapi?"

"Ya nini, Bwana Kiboko? Mimi silipi ada. Nimekuja kumtembelea Mwalimu Kanga, na mgeni haji mikono mitupu. Hodi humu!"

"Karibu mgeni, karibu," akaitika Mwalimu Kanga kutoka ndani.

Kiboko akajikuna sikio. Tangu dunia iwe dunia, zawadi ya mgeni haijatozwa ushuru. Akampisha. Nyuma yake wakaja Digidigi, Kindi na Nguchiro na vikapu vyao: hodi, karibu, hodi, karibu, mpaka saa sita.

Siku ya pili Mama Pimbi akapanda jiwe ili alifikie sikio la Kiboko.

"Bwana Kiboko, mwanao si anasoma hapa hapa? Robo yake umeshaitoa?"

"Bado," akajibu Kiboko, akitazama chini.

"Sasa ya nini kujitoza mwenyewe? Piga hodi kama sisi."

Kiboko akawaza kidogo, maana yeye huwaza kidogo tu. Akaleta kikapu kikubwa kuliko vyote, akapiga hodi, ukuta ukatikisika.

Siku ya tatu akaja amebeba mzigo wa majembe, uso umejaa kicheko. Mkewe alikuwa amemkumbusha jambo. Akawaita wanyama wote, Nyumbu naye akaja.

"Mama Tunu, wewe ni mgeni?"

"Mgeni kabisa."

"Jamani, mgeni siku mbili?"

"Siku ya tatu mpe jembe!" wakaitikia wote.

"Haya, umekwisha. Shika."

Mama Pimbi akachukua jembe dogo kuliko yote. "Nimekamatika, sikatai. Ila wageni tuko wengi. Nani wengine walipiga hodi?"

Digidigi akashika lake, Kindi lake, Nguchiro lake. Likabaki jembe kubwa. Wanyama wakalitazama, kisha wakamtazama Kiboko.

"Mimi?"

"Uko langoni kwangu siku ya tatu leo," akasema Mwalimu Kanga, "na zawadi yako nimeipokea."

"Baba, shika tu," akasema mwanawe dirishani.

Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. Ni mkubwa, lakini msiseme ni mbaya. "Tukalime wapi?"

"Bondeni," akasema Mama Pimbi upesi, kana kwamba swali hilo alilingoja tangu juzi. "Shamba la shule. Mavuno yamlipe mwalimu wa pili."

Wakalima. Mama Pimbi akalima tuta moja, Digidigi mawili, Kiboko ishirini. Hakuna aliyeuliza tena habari za robo, na Tunu hakurudishwa nyumbani. Muhula uliofuata kitindamimba wa Nyumbu aliandika jina lake mchangani, mbele ya mlango. Nyumbu akawa anapita kando siku nzima, asije akalikanyaga.

Nanyi mkikua mkapewa kazi ya kutoza, wanangu, mpeni kila mtu jembe linalomtosha.