Mtaimbo wa Kwanza

Bwana Chambuso alikuwa na kiwanja kizuri juu, kibaya chini. Waya mnene wa umeme ulipita katikati yake, umefukiwa ardhini, na siri hiyo aliijua peke yake. Sikudhani, muuza vitumbua, alipokuja kukinunua kwa akiba yake yote, huku mjumbe wa mtaa akiwa shahidi, Chambuso alichekelea moyoni.

"Chini hakuna waya wala bomba, baba?" aliuliza Sikudhani.

"Waya? Hapa hata mnyoo humpati!"

"Alhamdulillahi. Basi tutimize desturi ya kwetu." Akamkabidhi mtaimbo. "Muuzaji ndiye anayechimba kwanza, pale nyumba itakaposimama. Bila hivyo nyumba haina baraka. Piga hapa katikati, kwa nguvu."

Chambuso alirudi nyuma hatua moja. "Hapa kuna siafu."

"Basi sogea kidogo."

"Kiuno, mwanangu. Kiuno kinaniuma."

"Haya, chagua mwenyewe. Popote upendapo."

Kiuno kikapona papo hapo. Chambuso alikwenda mbio mpaka kona ya mbali, kwenye uzio wa michongoma, akapiga mtaimbo mpaka udongo ukamrukia ndevuni.

"Ahsante, baba. Nanunua kona hiyo tu, na bei iwe ya kona. Kwingine kote baki na siafu wako."

Mjumbe aliangua kicheko. Chambuso aliuliza kwa hasira desturi hiyo ni ya kabila gani.

"Bado haijapata kabila, baba," alisema Sikudhani, akichukua mtaimbo wake. "Nimeitunga njiani, nikija huku."