Kufuli Jekundu la Bi Kashindye

Hapo zamani, si zamani sana, maana umeme ulikuwa umeshafika Urambo na watu wameshazoea kuulalamikia unapokatika, aliishi fundi mmoja wa mota aitwaye Bi Kashindye. Mota za pampu, mota za feni, mota za mashine za kusaga, zote zilipita mikononi mwake, na kila moja aliijua tabia yake. Alikuwa na wanafunzi watatu: Lusajo, Mbaraka na Nyamizi. Mtazameni sana huyu Nyamizi, kwani ndiye aliyekuwa na hamu kuliko wenzake.

Karakana ile ilikuwa na desturi. Kulikuwa na kufuli jekundu, moja tu. Anayeongoza kazi huzima swichi kubwa, huitia kufuli, huvaa ufunguo shingoni, kisha hutamka mbele ya wenzake: "Umeme hakuna." Hapo ndipo mikono inaingia kwenye nyaya. Na hakuna mwingine wa kuurudisha umeme, hata awe mwenye mashine, hata awe mkuu wa wilaya.

Basi macho ya Bi Kashindye yakaanza kufifia. Akawaambia, "Wanangu, siku hizi naona nyaya mbili palipo na mmoja. Mmoja wenu ataongoza karakana hii. Huyo nitamkabidhi kufuli."

Nyamizi alilitaka kufuli lile mpaka mate yakamkauka. Miaka minne wateja walikuwa wakimwuliza, "Fundi yuko wapi?" naye amesimama mbele yao na spana mkononi!

Haikupita wiki, mota ya kukobolea mpunga ya Bwana Kapela ikaungua. Kapela akatafuta nyingine, ya mtumba, kibati chake cha maelezo kimebanduka, haina hata namba. Chini ya kifuniko zilitoka ncha sita za waya, zote nyeusi. Na nje kulikuwa na foleni ya akina mama na magunia yao, mpunga wa harusi ya keshokutwa.

"Nendeni wenyewe," Bi Kashindye akasema. "Nyamizi, leo kufuli shika wewe."

Walipofika kwa Kapela, Nyamizi akazima swichi kubwa ya mashine, akatia kufuli, akavaa ufunguo. Sauti ikamtoka kwa fahari: "Umeme hakuna!"

Lusajo akanyoosha mkono kwenye kisanduku cha nyaya ukutani. Mbaraka akamdaka kifundo cha mkono.

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Hujasikia amesema hakuna?"

"Mimi nimesikia. Nataka na testa isikie."

Akaitoa, bisibisi yenye taa ndani, akagusa waya wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Akagusa kiungo kilichoviringishwa kipande cha mfuko wa rambo. Testa ikawaka.

"Aa, huo wa friji la soda tu," akasema Bwana Kapela, bila wasiwasi kabisa. "Nimeuvuta kwa jirani, una mita yake ya luku."

Nyamizi akautazama ufunguo shingoni mwake. Alikuwa amefunga mlango mmoja, na nyumba ilikuwa na miwili. Akaenda mwenyewe kwa jirani kuuzima, akarudi, safari hii hakutamka neno mpaka testa ilipomaliza.

Sasa ikabaki mota isiyo na kibati. Mbaraka akazikuna zile ncha sita, akakuna na kichwa. Nyamizi naye hakujua pa kuanzia. Lusajo akachuchumaa na mita yake na betri ya redio, akatafuta ncha ipi ni ndugu ya ipi, wapi kichwa na wapi mkia, huku akicheka peke yake kwa raha. Hatimaye akasema, "Tuiunge nyota, mikia yote mitatu pamoja, tuijaribu bila mkanda wa mashine."

"Kwa nini isiwe delta, yenye nguvu zaidi?" Nyamizi akauliza. Hakuuliza kwa ubishi, alitaka kujua.

"Kwa sababu hatujui. Nikikosea kwa nyota, itakuwa legelege tu, tutaizima. Nikikosea kwa delta, tutaichoma."

Akaunga, akafunika, akakaza skrubu upesi upesi, maana kina mama walikuwa wamekwisha kuanza kupiga makofi ya kuwaharakisha.

"Washa!" akasema Kapela.

"Bado," akasema Nyamizi. "Haina waya wa ardhi, wa kuuteremsha umeme udongoni ukitoroka."

"Ile ya zamani ilikuwa nao? Miaka sita imekoboa!"

Shangazi yake Nyamizi, naye alikuwa kwenye foleni, akapaza sauti: "Nyamizi mwanangu, unatuaibisha! Bibi harusi atakula makapi?" Hata Mbaraka akamnong'oneza, "Washa bwana, ardhi tutakuja kuifunga kesho."

Nyamizi akaushika ufunguo kifuani, machozi yakimlenga. "Siwashi."

Saa nzima walichimba, wakapigilia chuma, wakavuta waya. Alitukanwa saa nzima. Kisha akawasha. Mota ikazunguka vizuri. Wakaizima, wakavisha mkanda, wakawasha tena, mpunga ukaanza kumiminika, nyota ilikuwa sahihi, na Bwana Kapela akaegemea mgongo wa mota kwa furaha. Paa! Fyuzi zikakatika. Walipofungua kifuniko wakakuta waya mmoja umebanwa na kuchubuka kwa mtikisiko, shaba yake imegusa chuma. Lusajo ndiye aliyeubana katika haraka yake. Bila ule waya wa ardhi, umeme ungepita kwa Kapela. Wakaurekebisha, na mpunga wote ukakobolewa.

Jioni wakamsimulia Bi Kashindye, hawakumficha kitu.

Lusajo akasema, "Bila mimi mota ile ingekuwa chuma chakavu. Nilibana waya, kweli. Lakini mnaweza kumpa kufuli mtu asiyejua anachokifunga?"

Mbaraka akasema, "Bila mimi Lusajo tungekuwa tunamchimbia kaburi. Ya ardhi nilikosea. Nyota na delta nitajifunza."

Nyamizi akasema, "Bila mimi tungemzika Kapela. Lakini mimi ndiye niliyesema umeme hakuna, na ulikuwepo." Akauvua ufunguo shingoni, akamrudishia Bi Kashindye pamoja na kufuli.

Bi Kashindye akaliweka kufuli mezani. "Nitakayempa, wawili waliobaki wataingiza mikono kwa neno lake. Kwa hiyo mtachagua wenyewe, na hakuna kujitaja."

Lusajo hakusita. "Mbaraka. Nipo hai kwa sababu yake."

Mbaraka akatazama chini. "Nyamizi. Mimi nilitishika na watu, yeye hakutishika."

Wote wakamgeukia Nyamizi. Akimtaja Mbaraka, kufuli limekwenda kwa kura mbili. Akimtaja Lusajo, kila mmoja atakuwa na kura moja, na tumaini lake litabaki. Akafungua mdomo.

Mimi naishia hapo, jibu liko kwenu. Nyamizi alipaswa kumtaja nani? Na ingekuwa ni mkono wako unaoingia kwenye nyaya, je, kati ya hao watatu, nani alistahili kufuli?