Mkia wa Nyati

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Kaeni vizuri, anayesinzia asije akaniuliza kesho Fisi alifanya nini.

Hapo zamani za kale, wanyama wa nyika moja walikuwa na bwawa lao, na bwawa lilikuwa na mlinzi. Kazi ya mlinzi ilikuwa kupanga zamu za kunywa, na kupiga kelele akimwona Simba. Mlinzi wao wa siku nyingi, Korongo, akafa kwa uzee. Ikabidi achaguliwe mwingine.

Walioitaka kazi ni wawili, Kanga na Fisi. Na kuchagua kwao kulikuwa kwa mlolongo. Wanaotaka husimama mbele, kila mnyama hujipanga nyuma ya amtakaye, na mstari mrefu ndio unaoshinda.

Vijana walimtaka Kanga, kwani Kanga haoni kitu akanyamaza. Lakini wazee walikuwa wengi kuliko vijana. Na wazee walikuwa na Nyati.

Nyati huyu alikuwa kiongozi wao miaka ya ukame mkuu. Aliwavusha jangwa zima, yeye mbele, wao nyuma, vumbi limewajaa machoni, hawaoni kitu ila mkia wake. Bibi Nyumbu alikuwamo katika msafara ule, na mimba tumboni. Alifika, akazaa, akapata wajukuu. Kila akisimulia alimalizia maneno yale yale: "Mkia wa Nyati haujanipoteza."

Sasa Nyati alikuwa amestaafu. Alikaa peke yake kando ya kilima, kupe wamemjaa. Vijana wakipita walimwamkia kwa mbali, wakaenda zao.

Fisi akaliona hilo.

Siku ya kwanza akampelekea magadi ya kulamba. Nyati akalamba, akasema, "Asante," basi. Siku ya pili akamtoa kupe. Nyati akasema, "Asante," basi. Siku ya tatu hakupeleka kitu. Alikaa chini, akasema, "Babu, hebu nisimulie ule ukame."

Nyati akasimulia tangu asubuhi hadi jua la utosi. Fisi akasikiliza yote, hata pale mzee aliporudia alichokwisha kusema. Hapo ndipo Nyati alipotekwa.

Siku ya mlolongo ikafika. Nyati akasimama, akasema, "Wazee wenzangu, mnanijua. Huyu Fisi ni kama mwanangu. Anayeniamini mimi, asimame nyuma yake." Akatangulia yeye. Wazee wakamfuata.

Bibi Nyumbu naye akajongea. Mjukuu wake, ndama aitwaye Sikudhani, akamkimbilia.

"Bibi, Fisi umemtazama?"

"Mimi namtazama Nyati."

"Bibi, Fisi hula ndama!"

"Hayo yalikuwa ya ujana. Sasa ametulia."

"Bibi, ndama ni mimi, si wewe!"

"Sikudhani! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkia wa Nyati haujanipoteza."

Mnacheka nini? Mnadhani Fisi hawakumjua? Walimjua. Ila pale walipokuwa katika mstari, waliona mkia wa Nyati tu. Mbele ya Nyati hakuna aliyetazama.

Fisi akashinda. Amri yake ya kwanza: ndama wanywe jioni, peke yao, eti wasikanyagwe na wakubwa. Wazee wakasema, "Tazama anavyojali watoto!"

Jioni moja mtoto wa Punda Milia hakurudi. Fisi akasema, "Amepotea njia." Wazee wakasema, "Nyati amemwamini, nasi tumwamini."

Jioni nyingine mtoto wa Swala hakurudi. Fisi akasema, "Amezama." Wazee wakanong'onezana kidogo, kisha wakasema, "Nyati amemwamini, nasi tumwamini."

Jioni ya tatu Sikudhani alirudi mbio, damu inamtiririka miguuni. Mkia hana.

"Bibi," akasema, "mlinzi ameniuma."

Bibi Nyumbu hakulia. Alimlamba mjukuu wake kidonda mpaka damu ikakoma, kisha akaenda kwa Nyati. Moyo ulikuwa ukimuuma kuliko kidonda kile, maana mtoto alimwambia, naye akamjibu kwa methali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Nyumbu."

"Yule Fisi uliyetupa, ulimjua?"

Nyati akasema, "Aliniuliza habari zangu. Mimi sikumuuliza zake." Akainamisha pembe zake. "Waite wanyama kesho. Nitawaambia wasimame nyuma ya Kanga."

"La, mzee. Kesho usiseme neno. Ukisema watakufuata tena, na mtondogoo atakuja mwingine na magadi yake."

Asubuhi Bibi Nyumbu akawaita wanyama wote. Kanga akasimama mbele. Fisi naye akasimama, amefumba mdomo, hacheki. Nyati akakaa pembeni, kimya. Wazee wakababaika. "Mzee mbona hasemi? Tumfuate nani?"

Bibi Nyumbu akasema, "Leo hatuanzii nyuma. Kila mmoja apite kwanza mbele, wanaotaka kutulinda watusalimie, ndipo tukajipange."

Kanga akaamkia kila mzee kwa sauti ya kupasua masikio. Fisi je?

Akapita Kobe. Fisi akaguna puani, "Mmh-mmh." Kobe akasema, "Huenda ana mafua."

Akapita Ngiri. Fisi akaguna, "Mmh-mmh." Ngiri akakasirika. "Mtoto gani anayewaamkia wazee kwa pua?"

Akapita Bibi Nyumbu. Akasimama mbele ya Fisi, pua kwa pua.

"Mlinzi wetu, mimi ni sawa na bibi yako. Niamkie."

"Mmh-mmh."

"Sijasikia."

Wanyama wote wakawa wanatazama. Kijana asiyemwamkia mzee, mbele ya watu, nani atampa kazi? Fisi akafungua mdomo: "Shikamoo, bibi!"

Na katikati ya meno yake, singa nyeusi za mkia wa nyumbu, zimenasa, zinaning'inia.

Bibi Nyumbu hakuitikia marahaba. Aligeuka, akampiga mateke ya nyuma, na wengine wakadakia. Fisi akakimbia akichechemea, na mpaka leo hutembea hivyo hivyo.

Mstari wa Kanga ukawa mmoja tu, wa vijana na wazee. Wa mwisho kabisa kujipanga alikuwa Nyati. Naye alipita kwanza mbele, akamtazama Kanga usoni, akaamkiwa, ndipo akarudi nyuma.

Sikudhani akamwuliza, "Babu, nawe unakagua?"

"Mimi zaidi ya wote," akasema Nyati.

Ndiyo maana nyumbu, hata leo, hukimbia kidogo, akasimama, akageuka kutazama. Anatazama nani yuko mbele na nani yuko nyuma.

Basi, wanangu, mzee aliyekuvusha jana mpe heshima yake yote. Lakini akikwambia umfuate mtu, mtazame huyo mtu, maana mzee hatakuwapo bwawani jioni.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, aliyechoka kuibeba amtwike jirani.