Chungu cha Hester Venn

Mwenye haki hupikia njiani.

Methali hii mmeisikia jana kwenye mkutano wa mtaa, mwenyekiti alipomwambia Bi Mwanakheri aende kwake jioni wayamalize wawili yale mambo ya kiwanja. Bi Mwanakheri akajibu kwa maneno hayo manne, akaketi. Mkacheka, kisha mkaja kwangu kuuliza ameyatoa wapi. Ameyatoa kwangu. Nami niliyaleta kutoka Uingereza, kwenye begi la nguo, baada ya miaka kumi na moja ya kufua shuka za hospitali. Mzee mmoja mgonjwa alinisimulia, nami nawasimulieni alivyonipa. Chanzo chake ni hiki.

Kulikuwa na mji mdogo uitwao Wennacombe. Mji wenyewe ulikuwa barabara moja, kanisa moja na mto usiozidi upana wa ua huu. Lakini ulikuwa jimbo la uchaguzi, na ulipeleka wabunge wawili London tangu zama za wafalme ambao hakuna aliyekumbuka sura zao. Miji mingine iliyoushinda mara ishirini kwa watu haikuwa na mbunge hata mmoja. Ndivyo mambo yalivyokuwa kwao, na msidhani kwamba upuuzi ulizaliwa kwetu.

Katika majimbo mengine ilimpasa mtu awe na shamba ndipo apige kura. Wennacombe walikuwa na desturi yao. Mwanamume yeyote aliyekuwa na jiko lake mwenyewe, akachemsha chungu chake mwenyewe kwa miezi sita mfululizo bila kula sadaka ya mtu, huyo alikuwa mpiga kura. Hata akiwa fukara, hata viatu vikiwa vimetoboka. Chungu ndicho kilichomfanya mtu. Na kura haikuandikwa kwenye karatasi. Ulipanda jukwaani mchana kweupe, ukataja jina la umtakaye, kila mtu akasikia.

Sasa, karibu nyumba zote za mji zilikuwa mali ya mwinyi mmoja, Lodi Ashgrave. Lodi ndiye aliyekuwa akichagua wabunge wote wawili, na watu walipanda jukwaani kumsemea tu. Wangefanya nini? Anayekupangisha nyumba anakupangisha na ulimi. Walivumilia hayo miaka mingi.

Kilichowashinda kuvumilia ni malisho. Nyuma ya mji palikuwa na uwanda mpana wa majani ambao haukuwa wa mtu. Kila kaya ililisha ng'ombe wake pale, ikaokota kuni pale. Lodi akataka kuuzungushia ua uwe wake, na kwa hilo alihitaji sheria ya Bunge. Habari ilipofika mjini, watu wakaanza kunong'onezana: safari hii, kiti kimoja kati ya viwili tumpe daktari Lyddon, ambaye ameapa kuipinga sheria hiyo.

Lodi alikuwa na nyapara wake, Silas Grudd, mtu mpole wa sauti, na watu wa namna hiyo ndio wa kuwaogopa. Baridi ilipoanza, Grudd akatangaza kwamba Lodi amewaonea huruma majirani zake. Kila siku saa sita mchana kengele italia kwenye lango la jumba, na kila kaya ilete chungu ichote supu bure.

"Mimi sili sadaka," alisema Jabez Moor, muuza mishumaa, mtu mnene asiyependa kuinama. Alikuwa wa kwanza kufika langoni, ila alitaka kwanza kubembelezwa.

"Nani kasema sadaka?" Grudd akacheka mbele ya watu wote. "Hii si sadaka, Jabez. Ni ujirani."

Basi wakachota. Kuni zilikuwa ghali na baridi ilikuwa kali, na supu ya bure haina mshitaki. Majiko yakaanza kupoa, nyumba moja baada ya nyingine.

Nyumba moja haikupoa. Ilikuwa ya Tobias Venn, fundi wa kuchana sufu, na mkewe Hester. Siku ya kwanza Tobias alichukua chungu aende, na Hester akamzuia mlangoni.

"Rudisha chungu."

"Hester, watu wote wanakwenda."

"Ndiyo maana nasema urudishe. Lodi amekaa karibu yetu miaka thelathini, hajawahi kutupa hata mfupa. Leo, mwaka wa uchaguzi, ndiyo ameujua ujirani? Kura yako imo ndani ya hicho chungu. Ukikipeleka kwake, umempelekea."

"Tutakula nini?"

"Kabichi. Na kesho kabichi. Ukichoka, nitaikata vidogo vidogo uione mpya."

Walikula kabichi miezi sita. Tobias alikonda mpaka jirani wakamtania kwamba Hester anamchemsha yeye. Lakini moshi ulitoka kwenye dohani lao kila mchana, na Grudd aliuona kila mchana.

Siku ya kuamkia uchaguzi, Grudd akaja na waashi wawili. Akavua kofia kwa heshima. "Dohani lenu ni bovu," akasema. "Litaunguza mtaa mzima. Nyumba ni ya Lodi, nami ni wajibu wangu kuitunza." Waashi wakabomoa dohani, wakang'oa jiko, wakaacha tundu ukutani na vumbi juu ya kitanda. Kabla ya kutoka Grudd akageuka. "Pole sana, Tobias. Kesho usijisumbue kuja. Asiye na jiko hana la kusema."

Tobias akaketi juu ya kifusi. Alikuwa mtu wa nguvu, lakini siku hiyo mikono yake ilining'inia kama si yake. "Wametuweza," akasema.

Hester alikuwa amepiga magoti, akichagua matofali. Mazima aliyaweka kando, yaliyovunjika akayatupa. "Wamebomoa mahali," akasema. "Jiko ni haya. Nisaidie kubeba."

Asubuhi jukwaa lilikuwa tayari mbele ya kanisa. Meya wa mji, ambaye ndiye aliyesimamia uchaguzi, alikaa na kitabu chake. Grudd alisimama begani pake. Mtu wa kwanza alipanda, akafungua kinywa kumtaja daktari Lyddon, na Grudd akanyanyua kidole.

"Napinga. Huyu amekula supu ya Lodi majira yote ya baridi. Ni mla sadaka. Hana kura."

Meya akalikata jina lake kitabuni. Wa pili akakatwa, wa tatu akakatwa. Aliyemtaja mtu wa Lodi, supu yake haikuulizwa. Hapo ndipo watu walipoelewa walikuwa wamekula nini. Wengine waliinamisha vichwa, wengine wakaanza kuondoka, na Jabez Moor akalia machozi hadharani, mtu mzima.

Ndipo moshi ulipopanda. Katikati ya barabara, hatua ishirini kutoka jukwaani, Hester alikuwa amepanga matofali yake matatu matatu, amewasha moto, na juu yake chungu. Tobias alisimama kando, amevaa koti lake la kanisani.

Grudd akashuka haraka. "Mnafanya nini nyinyi? Zimeni moto huo!"

"Ni mchana, Bwana Grudd," alisema Hester. "Tunapika. Kwani wewe mchana hupiki?"

"Mnaziba njia ya mfalme!"

"Mfalme akija tutampisha. Akitaka, tutampa na kabichi."

Watu waliokuwa wakiondoka wakasimama. Mmoja akacheka, kicheko kikaenea. Grudd akaona hatari, akairudia ile sauti yake ya upole. Akamsogelea Tobias, akamshika kiwiko. "Tobias, ndugu yangu, ya nini aibu hii? Twende ofisini tukae, tuyamalize wawili. Lodi si mtu mbaya. Jiko litajengwa, hata leo. Njoo."

Tobias alimtazama mkewe. Hester hakunyanyua kichwa. Alikuwa akikoroga.

"Mwenye haki hupikia njiani," akasema. "Mwenye njama ndiye anayetafuta chumba."

Tobias akauondoa ule mkono kwenye kiwiko chake, akapanda jukwaani. "Tobias Venn," akasema kwa sauti iliyofika mtoni. "Fundi wa kuchana sufu. Jiko langu lile pale, chungu changu kile pale, na kinachemka. Miezi sita sijala cha mtu. Kura yangu kwa daktari Lyddon."

"Napinga!" Grudd akapiga kelele. "Jiko lake halipo!"

"Basi moto ule umewashwa juu ya nini?" Tobias akauliza. "Njoo utie kidole."

Meya akautazama ule mvuke. Desturi ilisema jiko na chungu, haikusema paa. Akaandika.

Jabez Moor akafuta machozi kwa kiganja, akapanda na tumbo lake lote. "Grudd! Siku ile langoni ulisema nini? Ulisema si sadaka, ni ujirani. Mji mzima ulisikia. Niambie sasa: ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

Grudd akamgeukia meya.

"Na supu yenyewe," Jabez akaendelea, "ilifika kwangu baridi kama maji ya mto. Mimi ndiye niliyeitia kitunguu. Mimi ndiye niliyeichemsha, kwa kuni zangu, jikoni kwangu. Mke wangu yuko pale, muulizeni!"

"Kweli!" mkewe akaitikia kutoka chini. "Na kitunguu kilikuwa changu!"

Mji ukapasuka. Wanawake wakakimbilia majumbani, wakarudi na matofali, mawe, vyungu vya kila namna. Kabla ya saa sita barabara ya Wennacombe ilikuwa jiko moja refu kutoka kanisani hadi darajani, na moshi ukawaingia macho watu wa Lodi mpaka wakatoa leso. Wakaimba wimbo walioutunga palepale:

*Supu isiyo na nyama, twaijua ladha yake;*
*Leo sote twasimama, kila mtu chungu chake.*

Waliokatwa wakapanda tena, mmoja mmoja, kila mtu akionyesha chungu chake kwa kidole. Meya akaandika mpaka wino ukamkauka. Daktari Lyddon akapita, akaenda London, akasimama peke yake dhidi ya ile sheria na kuisumbua mpaka ikafa.

Msidhani walioshinda hawakulipa. Tobias na Hester walifukuzwa nyumbani wiki ileile, na Jabez akawapa banda la ng'ombe. Wakakaa humo miaka minne. Uchaguzi uliofuata Tobias akaja tena barabarani na koti lake lilelile, akawasha moto kabla hajaulizwa. Na mji mzima ukawasha naye.

Miaka ikapita, Bunge likafuta majimbo madogo kama yale, na Wennacombe likafutwa pamoja nayo. Kwa hilo sisikitiki. Jimbo la watu wachache kuwapita watu wengi lilistahili kufutwa. Lakini malisho hayakufutwa. Mzee wangu yule wa hospitalini alichunga ng'ombe pale utotoni, na hapakuwa na ua.

Basi nanyi, mtu akikushika kiwiko, akakuita ndugu yangu, akakwambia njoo pembeni tuyamalize, mtazame usoni. Kama lako ni la haki, lipangie matofali mbele za watu, uwashe moto, moshi na umwingie macho yeyote utakayemwingia. Watakubomolea dohani. Watakufukuza nyumbani. Wewe pika.

Mwenye haki hupikia njiani.