Gugu la Mheshimiwa Tembo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakigombea mipaka na kusubiri kwenye mabenchi ya ofisi kama sisi, aliishi Bi Fisimaji. Jina lisiwatishe, watoto: hakuwa na undugu wowote na fisi. Alikuwa mdogo, mwepesi, mwenye manyoya laini, na bwawa lake alilirithi kwa bibi yake, samaki na matope yake yote.

Msimu mmoja mafuriko yalimletea mgeni: gugu maji, lenye maua ya zambarau.

"Zuri hili," akasema Fisimaji, akaliacha.

Mgeni akazaa. Wanawe wakazaa. Mahindi hayajakomaa, bwawa zima limefunikwa mkeka wa kijani. Chini ya mkeka samaki wakakosa hewa, wakaanza kuelea matumbo juu, na vitoto vya Fisimaji vikawa vinalala na njaa.

Akaenda kwa Tembo, Mkuu wa Mabwawa.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nimekuja kuomba ruhusa ya kung'oa gugu, na wenye nguvu wa kunisaidia."

"Marahaba. Bwawa ni la nani?"

"Langu."

"Na maji yaliyoleta gugu?"

"Ya mto."

"Mto ni wa umma. Basi gugu nalo ni la umma, na mali ya umma iko mikononi mwangu. Ukigusa jani, umenigusa mimi."

"Sasa nani atalitoa, Mheshimiwa?"

"Kamati."

"Itakaa lini?"

"Ikishaundwa."

"Na itaundwa lini?"

"Hilo," Tembo akasema kwa upole, "litakuwa swali la kwanza la kamati."

Fisimaji akashukuru, maana ofisini hata kunyimwa hushukuriwa. Njiani akawaza vitoto vyake, akawaza nguvu, na mara akamkumbuka Kiboko.

Ukoo wa Tembo na ukoo wa Kiboko walikuwa watani tangu enzi za mababu. Na utani mnaujua: mtani akibeba kitu chako, si wizi. Unacheka tu. Ukinuna, faini yako ni kuupikia ukoo wake mzima. Na ukoo wa Kiboko, jamani, haukuwa ukoo wa kupikia.

Alimkuta Kiboko kajilaza topeni, anapumua fuuu, fuuu.

"Kaka Kiboko, mtani wako hajambo."

"Pua Ndefu? Bado anavimba?"

"Ana mali yake kwangu, imejaa bwawa zima. Kanionya nisiguse hata jani."

Jicho moja la Kiboko likafunguka. "Mali gani?"

"Ina maua. Uchungu alio nao nayo, sijapata kuona."

Jicho la pili likafunguka. "Pua Ndefu ana bustani ya maua, na mimi mtani wake sina habari?"

"Mimi sijasema kitu, kaka. Ila anayeitaka asiache hata mzizi. Kipande kikibaki majini kitaota tena, na mwenyewe atasema ulishindwa."

"Nilishindwa? Mimi?"

Asubuhi ukoo mzima ukaingia bwawani. Chubwi, chubwi, chubwi! Wakang'oa, wakakokota, wakapanda kilima kikavu na magugu yakining'inia masikioni kama mashada ya harusi. Wakayabwaga mlangoni kwa Tembo, kwani mtani hafichi alichobeba. Mizizi ikakaangwa na jua.

Tembo akatoka, masikio wima. "Nani kagusa mali ya..."

"Mtani kanuna?" Kiboko akauliza, akilamba midomo. Nyuma yake shangazi na wajomba wakajipanga chini, kama wageni waliokwisha kunawa mikono.

Tembo akayatazama yale makinywa. Akamtazama Fisimaji, aliyekuwa amewafuata na sasa anakagua mawingu.

"Ha," akasema Tembo. "Ha, ha. Utani mzuri. Hata kamati yangu isingefanya vizuri zaidi."

"Hata ingeundwa," akasema Fisimaji, kwa heshima zote.

Jioni samaki waliobaki walikuwa wakirukaruka tena majini, hewa tele, na vitoto vinne vikalala vimeshiba. Kiboko alipita kuaga.

"Mdogo wangu, huyu Pua Ndefu hana mali nyingine?"

"Ipo kwenye kidimbwi cha Bata. Na kwa mjane Korongo, ng'ambo. Lakini mimi sijasema kitu."

Mwenye nguvu hasukumwi, watoto. Huonyeshwa tu pa kusukuma.