Vumbi la Ngoma

Vumbi la ngoma halihesabiwi. Mama muuza maharage aliwatupia neno hilo mlipompita na tarumbeta zenu, mkacheka, na sasa mnaniuliza limetoka wapi. Msikae, si refu. Methali hii chanzo chake ni hiki.

Zamani za kura ya mlolongo, mtu alipiga kura kwa kusimama nyuma ya mgombea wake uwanjani. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Kipenga kikilia, kamba inafungwa asiingie mtu tena, karani anahesabu walio kwenye mstari. Basi.

Kijiji cha Mwarungu kilikuwa na chemchemi moja. Diwani wao, Mzee Mwadime, alikwisha kumwahidi tajiri wa mkonge kwamba akirudi kitini, chemchemi itazungushiwa seng'enge na kuwa yake. Wakesho, mwanamke fundi cherehani, akajitokeza kumpinga. Vijana wote walikuwa upande wake. Kiongozi wao, Mghanga, alikuwa na mama anayeumwa kiuno, na maji mengine yalikuwa bondeni, mteremko mkali.

Siku ya kura wazee wa Mwadime walifika mapema, wakajipanga kimya na mikongojo yao. Vijana walikuja na ngoma, wakauzunguka uwanja wakiimba, vumbi likapanda hadi mtu hamwoni jirani yake.

"Babu, shika fimbo vizuri, upepo wa Wakesho usikuangushe," Mghanga alimtania mzee mmoja.

"Cheza, mjukuu wangu," mzee akajibu. "Mimi nimesimama."

Wakesho akageuka kutazama nyuma yake. Aliona akina mama wachache, kisha uwanja mtupu. Akapaza sauti.

"Mghanga, weka ngoma chini, njoo usimame."

"Dada, mzunguko mmoja tu. Huoni wameshaingiwa na hofu?"

"Mwenye hofu ni mimi."

Wakaenda huo mzunguko. Walikuwa upande wa pili wa uwanja kipenga kilipolia. Wakakimbia, wakakuta kamba imefungwa na askari wamesimama.

"Sisi ni wa Wakesho," Mghanga alimwambia karani. "Si umetusikia tangu asubuhi?"

"Nimewasikia, na wimbo ni mzuri. Lakini mimi nahesabu waliosimama."

Mwadime akashinda. Mama yake Mghanga, aliyekuwa kwenye mstari wa Wakesho, akatoka akijishika kiuno. Akaitazama miguu ya mwanawe, myeupe hadi magotini.

"Vumbi la ngoma halihesabiwi, mwanangu," akasema. "Haya, niambie, kwenda bondeni tutakuwa tunatoka nyumbani saa ngapi?"

Ndipo Mghanga akaiweka ngoma chini.

Ndiyo hiyo. Sasa nionyesheni vidole. Nilijua, hata kimoja hakina wino. Jua limeshapita utosini, kituo cha kura kinafungwa jioni, nanyi mko hapa mnanisikiliza mimi. Hizo tarumbeta ziacheni, nitazilinda. Nendeni mkapange foleni. Vumbi la ngoma halihesabiwi.