Kigelegele cha Semeni

Sogeeni. Mwenye aibu azibe masikio sasa hivi, maana hapa kitu kitatajwa kwa jina lake.

Pangani palikuwa na watu watatu, kila mmoja na karama yake. Bi Mwanakheri, kungwi, alikuwa na ulimi usioona haya. Tausi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, aliujua mwili ulivyoungwa. Mbwana, msuka vitanda vya kamba, alikuwa na subira ya jiwe.

Na palikuwa na Semeni, mke wa Mbwana, ambaye zamani kigelegele chake kilivuka mto. Tangu kumzaa kitindamimba, akipiga kigelegele, akicheka au akipiga chafya, mkojo humponyoka. Harusi zikipita, yeye huchungulia dirishani, ulimi umemlalia kinywani. Sasa bintiye Mwajabu ameposwa. Semeni aliitamani sauti yake kama mtu anavyomtamani aliye safarini.

Bi Mwanakheri ndiye aliyesema.

"Weye, harusini huonekani. Unavuja?"

"Somo, taratibu! Majirani!"

"Majirani nao wanavuja, wamenyamaza tu. Vaa buibui, twende hospitali."

Tausi ndiye aliyefundisha.

"Kitanda cha kamba unakijua, mama?"

"Mume wangu anavisuka."

"Basi chini ya nyonga kuna misuli iliyowambwa vivyo hivyo, toka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Imebeba kibofu, mji wa mimba na njia ya haja kubwa. Ikikaza, milango inafungwa. Yako imelegezwa na uzazi. Haya, ibane."

Semeni akabana matako, akabana tumbo, akazuia pumzi.

"Mama, umebana mpaka nyusi! Inua kwa ndani tu, kama unayezuia ushuzi mbele ya mkwe. Pumua. Sasa achia."

Mbwana ndiye aliyeshikilia. Siku mkewe alipolia, "Sioni tofauti, naacha," alimjibu, "Kamba haikazwi kwa mvuto mmoja, mke wangu." Tangu hapo, kila akiwamba kitanda barazani huita, "Kaza!" Wapita njia hudhani anasema na kamba. Ndani, Semeni huinua, hushikilia, huachia. Miezi ikapita hivyo, hata ikaja chafya, na nguo ikabaki kavu. Akakaa chini, akalia.

Harusi ikafika. Sasa, kwa akina Semeni, kabla ya kigelegele cha kwanza mama hutaja jina la mtu mmoja anayemshukuru kuliko wote. Hakigawanywi.

"Nisingesema, ungezeekea dirishani," alinong'ona Bi Mwanakheri.

"Na bila mimi angebana nyusi hadi leo," Tausi akacheka.

Mbwana alisimama mlangoni, akamkunjia mkewe ngumi taratibu: kaza.

Bibi harusi akatolewa. Wanawake wote wakamgeukia mama. Semeni akavuta pumzi, sauti iliyopotea miaka yote ile imemjaa kooni, inagonga itoke. Lakini jina kwanza.

Msiniambie "wote watatu". Hilo ni jibu la waoga. Haya, mwenzangu, ulimi ungekuwa wako, ungemtaja nani?